Mwenye Msiba wa Bwana Heffernan

Kisa hiki kimepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Ukikimaliza, mpelekee mtu mmoja tu, yule utakayemkumbuka.

Enzi za walowezi, nje ya mji wa Kitale, palikuwa na shamba la Bwana Cornelius Aloysius Heffernan. Watu walimwita Mwingereza, naye akawasahihisha kila mara: yeye ni Mwairishi. Hakuoa. Mpishi wake, Mzee Sitati Mukhwana, alikuwa amefiwa na mkewe, na watoto wake walikwisha kutawanyika. Kwa miaka thelathini na mmoja wanaume hao wawili walikaa barazani kila jioni, mmoja kitini, mwingine kwenye ngazi, bila maneno mengi.

Bwana Heffernan alipofariki, wakafika watoto wa kaka yake waliokuwa wakiishi mjini, Fergus na Nuala. Maiti haijaoshwa, tayari wanagombania nyumba na farasi. Kuhusu madeni, kila mmoja alisema ni ya mwenzake.

"Wewe ndiye mkubwa, lipa," alisema Nuala.

"Nyumba si unaitaka wewe? Basi ichukue na deni lake."

Makaburini, seremala Wamukota, ambaye hakuwa amelipwa paa la ghala wala jeneza lenyewe, alikanyaga kamba za kuteremshia.

"Kwetu maiti haishuki na deni," alisema. "Mwenye msiba ni nani?"

Fergus akamtazama Nuala. Nuala akatazama viatu vyake.

"Jamani, huyu mzungu aliokotwa?" aliuliza Wamukota.

Watu wakacheka chinichini. Kicheko kile kilimchoma Sitati. Alijua kwamba atakayejibu ndiye atakayelipa, na mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja, tena mwenye mimba.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe mpishi?"

"Umeuliza mwenye msiba, hukuuliza kazi yake. Kamchukue ng'ombe wangu. Toa mguu."

Jeneza likashuka.

Siku ya tatu, kama wafanyavyo Wabukusu waliofiwa, Sitati alinyoa kichwa. Alijinyoa mwenyewe, maana hapakuwa na ndugu wa kushika wembe. Akakaa matanga peke yake. Majirani walipita barabarani wasiingie. Hawakujua kama mpishi hupewa pole kwa kifo cha bwana wake.

Miezi minne ikapita. Fergus na Nuala wakapelekana mahakamani. Hakimu alipekua karatasi, kisha akauliza deni la seremala lililipwa na nani.

"Ni mpishi tu," alijibu Fergus.

"Basi huyo mpishi anaudai urithi huu. Hamgawani hata farasi mmoja mpaka atie sahihi kwamba amelipwa."

Wakamfuata Sitati kibandani kwake.

"Sema unachotaka, Mzee," alisema Fergus. "Ng'ombe wawili? Watano? Au nikukatie ekari kumi?"

Ekari kumi! Sitati akawatandikia mkeka.

"Kaeni matanga nami," alisema. "Siku tatu."

"Matanga? Amekufa miezi minne iliyopita!"

"Najua. Nilikuwepo."

Hawakuwa na njia nyingine. Siku ya kwanza waligombana. Siku ya pili walichoka kugombana. Siku ya tatu Nuala akamuuliza kaka yake, "Fergus, baba mdogo alikuwa akipenda chakula gani?"

Fergus akamgeukia Sitati.

"Viazi," alisema Sitati. "Vya kuchemshwa na maganda yake. Na hakupenda kula peke yake, ingawa hakuwahi kulisema."

Akawasimulia hadi alasiri: homa aliyougua mwaka wa mvua kubwa, barua alizowaandikia ndugu zake zisijibiwe, na jina la mama yake, Bríd, alilolitaja siku ya mwisho. Nuala akalia. Hilo ndilo chozi la kwanza la mtu wa damu yake lililomwagika kwa ajili ya Bwana Heffernan. Fergus akavua kofia.

Sitati akatia sahihi.

Walipokuwa wakiingia garini, Fergus aligeuka. "Mzee, kwa nini hukuchukua ekari?"

"Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye habari zake," alisema Sitati.

Gari likaondoka.

Funzo: Anayetaka kurithi mali ya marehemu akubali kwanza kurithi msiba wake, na mfiwa usiyemdhania, mara nyingi ndiye aliyekosa wa kumpa pole.