Kasa Aliyezoea Mgongo wa Upawa

Ndugu zangu, kabla ya neno la leo nitawapa mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msiende kuutafuta mahali.

Katika mji mmoja wa pwani palikuwa na nyumba ya samaki, ile ambayo watu wa mjini huiita akwarium. Mbele kulikuwa na matangi ya vioo, samaki wa rangi, na benchi za watoto wa shule. Nyuma, pasipoingia wageni, kulikuwa na bwawa la saruji la wagonjwa. Humo waliwekwa kasa waliokatwa na nyavu na waliomeza mifuko ya plastiki. Walitibiwa, na wakipona walirudishwa baharini. Kazi hiyo ilikuwa njema, na nataka mkumbuke kwamba nimesema hivyo tangu mwanzo.

Mwezi wa pili, wakati wa bamvua, bahari ilipokauka mpaka mbali, wanawake sita wa kijiji cha jirani walitoka kwenda kuchokoa pweza. Kazi hii naifahamu. Bibi yangu mzaa mama aliifanya miaka thelathini na minne, na fimbo yake yenye ncha ya chuma iko kwa mjomba wangu hadi leo. Alikuwa na desturi ya kugonga mwamba mara mbili, tak-tak, kabla ya kutia fimbo tunduni, na wanawake wa mfano huu walikuwa na desturi hiyohiyo.

Mmoja wao akamkuta kasa amenasa katika kipande cha wavu, kikono cha mbele kimekatika mpaka ndani. Wenzake wakaja. Wifi yake alishika kisu.

"Sogea, wifi. Hapa pana nyama ya nyumba sita."

"Huyu hachinjwi. Apelekwe kwa watu wa nyumba ya samaki, wamtibu."

"Wamtibu halafu? Si watamtia kwenye kioo, watu waende kumchungulia!"

"Watamrudisha. Nitawaonyesha kwa macho yenu."

"Na asiporudi?"

"Asiporudi, kila kasa atakayenasa humu ni wenu, sitafungua mdomo. Lakini akirudi, kila atakayenasa mtaniachia mimi."

Wakatazamana, wakakubali. Basi kasa huyo hakubeba uhai wake peke yake. Alibeba na wa wengine ambao hawajanasa bado.

Mkuu wa nyumba ya samaki alimpokea kwa furaha. Akamwambia yule mwanamke, "Miezi mitatu tu, mama. Na siku hiyo wewe ndiye utakayemsukuma majini."

Mtunzaji wa bwawa la nyuma alikuwa mtu wa miaka mingi kazini. Kanuni yake ilikuwa moja: mgonjwa wa kurudi baharini halishwi kwa mkono. Chakula chake kilitupwa kutoka nyuma ya ubao, kimyakimya, kasa asione mtu wala kusikia hatua. Mwezi wa nne kidonda kilikuwa kimefunga. Mwezi wa tano aliogelea kwa vikono vyote viwili. Mtunzaji akaandika kwenye daftari: Yuko tayari.

Lakini mwezi huo shule kumi na saba ziliomba kuja, na baada yake kulikuwa na siku ya usafi wa ufukwe, kisha siku ya familia. Mkuu akaagiza kasa ahamishiwe mbele, watoto wamwone. Na ili aonekane vizuri aitwe juu: mtunzaji agonge ukingo wa chuma kwa mgongo wa upawa, mara mbili, kisha mtoto mmoja ampe ngisi mdomoni.

Mtunzaji akasema, "Mkuu, huyu ni wa kurudi."

"Atarudi. Nani amekataa?"

"Basi asilishwe kwa mkono."

"Kwani mkono wa mtoto una sumu?"

"Hauna sumu, mkuu. Una mazoea."

Mkuu akacheka, akampiga bega. "Bwana wee, watoto elfu mbili wataondoka hapa wanampenda kasa. Wewe unaniletea habari za mazoea!"

Mtunzaji akanyamaza. Kosa lake lilikuwa hilo, na hakuwa na lingine. Kesho yake akachukua upawa.

Siku tatu za kwanza kasa hakutokea. Siku ya nne alitokea. Kufikia mwisho wa mwezi hakungoja hata pigo la pili: kishindo cha kwanza tu, kichwa juu, mdomo wazi. Watoto walipiga kelele wakamwita Bi Harusi, na jina likaandikwa ubaoni.

Huku kijijini yule mwanamke alikuwa na kazi yake. Kila bamvua wifi yake alimuuliza, wengine wakisikia, "Wifi, kasa wako bado yuko shule? Yuko kidato cha ngapi sasa?"

"Anamalizia."

"Mwambie akifaulu atuletee cheti, tukipike."

Mara mbili alikwenda mjini kuuliza. Mara ya kwanza akaambiwa, baada ya likizo. Mara ya pili akaambiwa, siku ya sherehe ya mwaka. Akapewa soda. Alimwona kasa akila mkononi mwa mtoto, amenenepa, gamba linang'aa. Akarudi nyumbani bila maneno mengi, kwa sababu hakuwa na la kulalamikia. Kwani aliyeshiba amekosewa nini?

Sherehe ikafika, mwezi wa kumi na mbili. Matarumbeta, mgeni rasmi, maturubai ufukweni. Mkuu akasoma taarifa ya mwaka: waliookolewa, kumi na wanne, waliorudishwa, tisa, na huyu wa leo anatimiza kumi, wanafunzi waliofundishwa, elfu sita na ushee. Yote yalikuwa kweli. Kisha mwanamke yule akaitwa mbele. Akashika ukingo wa gamba, akasukuma. Kasa akaingia majini, akaenda. Vigelegele vikapigwa, na wifi yake alipiga kuliko wote.

"Haya, wifi, umeshinda. Watakaonasa ni wako."

Laiti mfano ungeishia hapo, tungesema amina tukaenda zetu. Lakini bamvua lililofuata wanawake wale sita walitoka tena. Yule mwanamke akasimama kwenye ukingo wa mwamba, maji yamemfika magotini. Akagonga, tak-tak.

Kichwa kikatokea mbele yake, mdomo wazi.

Kibati cha namba alichofungwa na watu wa nyumba ya samaki kilikuwa kwenye kikono. Alikuwa yeye. Akamsogelea mwanamke mpaka gamba likamgusa mguu, akangoja kulishwa. Wanawake wakaacha fimbo zao, wakaja. Wifi akachomoa kisu, akasema pole pole, bila ubaya, "Wifi, tusigombane. Tulisema atakayenasa ni wako. Huyu hakunasa. Amejileta mwenyewe."

Ni kweli, walisema hivyo. Mwanamke alitazama kisu, akatazama ule mdomo uliokuwa wazi.

Kisha akainua fimbo, akampiga kasa.

Alimpiga gambani. Kasa akarudi nyuma kidogo, akaja tena, mdomo wazi. Akampiga puani. Kasa akazama, akazuka hatua tatu mbali, akamtazama, akaanza kuja tena.

"We mwanamke una wazimu?" wifi akasema. "Mwezi wa pili ulitukataza tusimguse, leo unampiga wewe?"

"Nampiga aogope. Asiyeogopa watu humu hamalizi mwezi. Nisipompiga mimi, utamchinja wewe, au watamchinja wale wa upande wa pili."

Akampiga mara ya tatu, juu ya kile kikono kilichokuwa kimepona. Hapo kasa akageuka, akazama, akaenda kwa nguvu upande wa maji ya kina. Mwanamke akasimama. Wenzake wakasimama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akauinamia mwamba, akagonga tena, tak-tak, makusudi, ili ajue kama kasa bado anaitika.

Wakangoja. Hakikutokea kitu.

Akagonga mara nyingine. Bahari ikakaa kimya. Wifi akarudisha kisu kwenye kanga yake, akasema, "Huyo sasa amerudi." Siku hiyo mwanamke yule hakupata pweza hata mmoja.

Ndugu zangu, nawauliza. Kasa huyu aliokolewa mara ngapi? Taarifa ya mwaka inasema mara moja, mwezi wa pili. Alirudishwa lini? Taarifa inasema siku ya matarumbeta. Na ile siku ya fimbo, imeandikwa wapi? Nani alimpenda kasa yule: mkono uliompa ngisi, au mkono uliompiga ili asiuhitaji tena?

Sasa tuje kwetu. Asubuhi hii tumesomewa taarifa ya idara yetu ya huruma. Mwaka juzi tulilisha kaya ishirini na tisa kila Jumamosi. Mwaka jana thelathini na mbili. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Hakuna aliyesimama kuuliza ni kaya ngapi zilizoacha kuja kwa sababu sasa zinajilisha, na karani hakuficha kitu: safu hiyo haimo katika kitabu chetu. Hatukuichora.

Mnamjua yule mama aliyeanza kukaanga maandazi pale stendi. Tangu Pasaka haji Jumamosi. Nilisikia kwa masikio yangu, mlangoni hapa, mmoja wetu akisema, "Ameshapata, sasa anaringa." Mwingine akasema, "Hata kuja kushukuru!" Nilisikia, nikanyamaza, kama yule mtunzaji. Kwa hiyo neno hili halinipiti mimi kwenda kwenu. Linaanzia kwangu.

Sisemi tuache kulisha. Mwenye kidonda atibiwe, mwenye njaa ale leo, asingoje mahubiri. Wala sisemi tuwapige watu fimbo, msije mkanielewa hivyo. Nasema kuna siku kidonda kinafunga, na siku hiyo sisi tunajua, kwa sababu tumemtazama mtu huyo kila wiki. Tukiendelea kumwita baada ya siku hiyo, hatumwiti kwa ajili yake. Tunamwita ili benchi zijae na taarifa ipendeze.

Nyuma ya jiko letu imening'inia rimu ya gari. Jumamosi saa nne tunaigonga, na watu wanakuja. Jumamosi ijayo ikigongwa, tusihesabu tu waliokuja. Tuangalie ni nani hakuja, tumfuate kwake tujue habari zake. Na tukimkuta ana moto wake na sufuria yake, tusimwambie neno. Tumsalimie, tununue maandazi, turudi.