Kijiji Kilichotakiwa Kuwa na Jina Kabla ya Saa Tisa

Sogeeni, mnipe masikio. Jambo hili nimelibeba muda mrefu na limenishinda. Nawaletea nyinyi, huenda mna akili kuliko mimi, na kuliko Ofisi ya Majina.

Palikuwa na kijiji chini ya mlima, kikiitwa Mabondeni, na miongoni mwa wakazi wake walikuwamo watu watatu, kila mmoja na lugha yake na kipaji chake. Bi Nakijwa, Mpare, alikuwa mfinyanzi. Aliujua udongo kama mama anavyolijua paji la mtoto mwenye homa. Mzee Shekigenda, Msambaa, hakujua kusoma, lakini alijua jina la kila jiwe na kila kona ya mlima. Na Lemburis, Mmaasai, alikuwa na ng'ombe ishirini waliokwenda popote alipopiga mluzi.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha wiki nzima bila kukata. Asubuhi ya siku ya nane, Bi Nakijwa aliingiza kiganja katika shimo lake la udongo, akasikia udongo unatetemeka. Akachukua mchi, akaanza kugonga milango.

"Tokeni! Mlima unashuka!"

"Bibi, chai iko jikoni inachemka."

"Iache ichemke yenyewe! Toka!"

Alianza na nyumba zenye watoto. Nyumba yake, alimolala mumewe Senkondo aliyepooza miguu, aliiweka ya mwisho. Alipogeuka kwenda kwake, hakukuwa na kwake tena. Matope yalikuwa yamepita.

Watu walitoka wakakuta ukungu, mkono wako mwenyewe huuoni. Mzee Shekigenda akatangulia. Bibi yake alimfundisha njia ya mlimani kwa majina saba ya Kisambaa, na kila jina lilikuwa agizo: Shika Kushoto, Inama Kichwa, Usitazame Chini, hivyo hivyo hadi la saba, Tua Mzigo, pale wabeba ndizi walipokuwa wakipumzika. Mzee akawa anayaita kwa sauti, wenzake wanayatii. Hakuna aliyekosea hata hatua.

Kabla ya Tua Mzigo kuna korongo, na korongo lilikuwa limejaa. Lemburis akapiga mluzi. Ng'ombe wakaingia majini, watu wakashika mikia. Walikwenda na kurudi mara tano. Safari ya mwisho, aliyokuwamo Bi Nakijwa mwenyewe, maji yaliondoka na ng'ombe kumi na moja. Watu walivuka wote.

Mngetoa mmoja tu kati ya hao watatu, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Basi wakajenga palepale juu walipofika, Tua Mzigo. Wakajenga na shule ya mbao, na darasa la saba likawa na watoto kumi na tisa waliokaribia mtihani. Ndipo alipofika Bwana Kitundu, afisa wa majina, mtu mpole mwenye mhuri ndani ya mfuko wa plastiki ili usilowe.

"Mwalimu," alimwambia mwalimu mkuu, Bi Mwanaidi, "shule haisajiliwi bila jina la kijiji. Fomu nairudisha leo, saa tisa. Lugha yoyote mtakayo, ila jina liwe moja. Kuna vijumba kumi na viwili vya herufi."

"Si tuandike Mabondeni?"

"Mabondeni lina wenyewe. Kwenye daftari letu kijiji kipo."

"Kipo chini ya matope, bwana!"

"Hakijatuandikia barua."

"Na tusipopata jina?"

"Watoto watabaki wanafunzi wa Mabondeni. Karatasi za mtihani zitapelekwa Mabondeni. Wasipokuwepo, tutaandika hawakuhudhuria."

Mwalimu akawaita wale watatu. Kwanza walionyeshana adabu. Mzee alimwachia Bibi, Bibi akamwachia Lemburis, Lemburis akamrudishia Mzee, na saa nzima ikaenda kijiji kikiwa hakina mtu anayekitaka. Kisha Bi Nakijwa akavua adabu.

"Mwalimu, mume wangu hana kaburi. Niligonga mlango wako kabla ya wangu, unakumbuka? Andika Kwa Senkondo. Awe na mahali."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Alikumbuka.

"Pole, Nakijwa," alisema Mzee Shekigenda. "Lakini hapa pana jina tangu bibi yangu hajazaliwa. Yalikuwa saba, sita yamekwenda na mlima. Mkilifuta na hili, siku ukungu ukirudi mtaita jina gani? Andika Tua Mzigo."

Lemburis alikuwa amesimama na fimbo yake. "Nyinyi mna watu na maneno. Ng'ombe wangu waliingia kwa sababu niliwaita mimi, na hawakujua wanakwenda wapi. Andika Kumi na Moja."

"Mwanangu, kijiji kiitwe hesabu?"

"Bibi, ulishika mkia wa nani?"

Bi Nakijwa akakitazama kiganja chake.

"Tupige kura," alijaribu Mwalimu.

"Mume wangu apigiwe kura? Hata siku moja!"

"Basi tuyaunganishe."

Bwana Kitundu alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Kila moja peke yake linaenea. Mawili hayaenei."

"Ongeza mstari, baba. Mstari tu!" alisihi Mwalimu.

"Mama, ningekuwa na uwezo ningewapa hata mitatu. Mwenye uwezo yuko likizo."

Saa tisa kasoro dakika tano. Nje, watoto kumi na tisa walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha kwa saba, hawana habari. Bwana Kitundu alifungua mhuri, akaupulizia pumzi, akaisogeza kalamu mbele ya Mwalimu. Hata yeye hakutazama karatasi. Mwalimu aliishika kalamu. Mlangoni wamesimama watu watatu, na pumzi anayovuta amepewa na wote watatu.

Mimi nimeishia hapo. Kila nikiisimulia nafika kwenye kalamu ile, nakwama. Nikiandika moja, nakuwa nimewafuta wawili. Nisipoandika, nimewafuta watoto.

Haya, ndugu msikilizaji, kalamu iko mkononi mwako na saa inakimbia. Wewe ungeandika lipi? Na hao wawili waliobaki, ungewatazama vipi?