Shimo la Mfano

"Shimo la mfano huvunja mguu wa kweli." Kauli hiyo mmeisikia asubuhi hii hapa karakanani, mkataka kujua nani aliisema kwanza. Basi sikilizeni, wanangu. Ilianza na mgeni ambaye hatukumwalika.

Alitokea alasiri, amebeba mbuzi kifuani. Sisi wakati huo tulikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, tumepiga kambi kwenye uwanda wa majivu ya volkano, tukilijaribu gari dogo la kuchunguza sayari tulilolijenga wenyewe. Tuliliita Kinyonga, kwa mwendo wake. Uwanda ule tuliupenda kwa kuwa ulifanana na Mirihi: mawe na vumbi, hakuna mti. Tulichimba mashimo kuiga yale yanayoachwa na vimondo huko. Hata kijia kilichokatiza katikati, kwenye ramani yetu tulikiandika "mkondo wa mto uliokauka". Hakuna aliyejiuliza ni nyayo za nani zilizokichonga.

Tulikuwa hoi. Majivu yaliingia kwenye gia, tukayasafisha, yakaingia tena. Tulitafuna chapati pamoja na vumbi lake. Video ya Kinyonga akivuka mashimo yote ilitakiwa kuwafikia waamuzi wa mashindano kabla ya siku kwisha, la sivyo tungeondolewa. Na Kinyonga kila mara alikwama.

"Vijana, haya mashimo ni ya nani?" mgeni aliuliza. Aliitwa Lemburis, mfugaji wa pale.

"Shikamoo, baba. Ni yetu," alijibu Anyosisye, nahodha wetu, msichana mpole aliyekuwa hajalala vizuri tangu tufike. "Ni mashimo ya mfano tu."

"Mfano wa nini?"

"Wa sayari ya Mirihi."

Lemburis akamlaza mbuzi mbele yetu. Mguu wa mbele ulining'inia.

"Na huu ni mfano wa nini?"

Halfani, fundi wetu wa umeme, mtu wa mzaha hata msibani, aliinamisha kichwa. Akatafuta kipande cha bati na utepe, akaufunga ule mguu taratibu.

"Mama yangu hupita hapa jioni akitoka kisimani," Lemburis alisema. "Macho yamemwisha. Njia anaijua kwa miguu."

"Hatakuta shimo hata moja," Anyosisye akasema. "Tutayafukia kabla hajapita. Nakuahidi, baba."

Lemburis akamtazama kidogo, akambeba mbuzi wake akaondoka.

Tukakubaliana tujaribu mara moja ya mwisho, kisha tufukie. Kinyonga akashuka shimo la kwanza, akapanda! La pili, akapanda. Tulikumbatiana. Katika la tatu gurudumu likazunguka palepale, likanyamaza.

"Nimeliona tatizo, nahodha!" Halfani alipiga kelele. "Nipe muda kidogo tu, leo anavuka!"

"Jua linazama, Halfani."

"Labda bibi leo kapita njia nyingine."

"Ipi? Nionyeshe."

Halfani akaangaza uwanda mzima. Hakukuwa na nyingine.

Anyosisye alimtoa Kinyonga shimoni, akamweka pembeni kama mtoto aliyelala, akachukua sepetu. Machozi yalimchirizika kwenye vumbi la mashavu yake, lakini mikono haikusimama.

"Wewe nawe hata kufukia hujui, unatumwagia sisi," Halfani akanung'unika, akashika sepetu ya pili. Wengine tukafuata, wenye sahani kwa sahani, wenye mikono kwa mikono. Kila shimo tulilolijaza tulijua hatutapata nguvu wala siku ya kulichimba tena. Jina letu lilifutwa kwenye mashindano, na sikumbuki aliyelalamika.

Tulikuwa tunashindilia shimo la mwisho bibi alipotokea, dumu la maji mgongoni, akipapasa ardhi kwa vidole vya miguu. Tukasogea kumpisha. Alipofika kwenye udongo mpya mguu wake ulizama kidogo, akasimama. Tukazuia pumzi. Akajaribu kwa mguu wa pili, akahisi panabeba, akaenda zake bila kujua kama kuna mtu pale.

Halfani alimfuata kwa macho mpaka akapotea. Kisha, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, akasema:

"Jamani, shimo la mfano huvunja mguu wa kweli."