Picha ya Ngiri Mkarimu

Paukwa?
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na njaa.
Ilimshika nani?
Ilimshika kila mtu, isipokuwa Ngiri.

Basi tegeni masikio. Mvua ilikuwa imegoma, na mtama wote wa msitu ulikuwa ghalani kwa Ngiri. Jirani yake palikuwa na hekalu la Buddha, likitunzwa na mtawa Kobe. Kobe aliwafundisha wanyama kufumba macho, kufuata pumzi, kisha kutoa moyoni kile wanachokipenda.

"Moyo ukizoea kutoa," alisema, "mkono utafuata."

Ngiri akalipenda somo, hasa nusu ya kwanza. Kila asubuhi alikaa hekaluni kati ya wenzake, tumbo mbele, macho kayafumba.

"Nampa Kindi debe la mtama. Nampa Digidigi debe la mtama. Nimetoa."

Kisha akaenda ghalani kula. Kwacha, kwacha, kwacha.

Bi Kindi alikuwa na watoto watatu, na yule mdogo hakuwa tena na nguvu za kulia. Kimya hicho kilimtisha mama yake. Akamwendea Ngiri.

"Bwana Ngiri, mtama ulionipa uko wapi?"

"Umeshaupokea, mama. Kama huuoni, imani yako ndogo."

Kindi akameza tusi. Mwenye njaa habishani na mwenye ghala, humsifu.

"Ni kweli, bwana. Ukarimu wako unastahili picha takatifu pale hekaluni, ila hatuna rangi."

"Rangi gani?"

"Mtama mwekundu na mtama mweupe. Tunachora chini, punje kwa punje, duara ndani ya duara. Katikati anakaa mtoaji."

"Mimi?"

"Wewe. Ila debe moja litatosha pua tu."

Picha za namna hiyo zilichorwa kila mwaka, lakini Ngiri hakuwahi kungoja mwisho wa ibada, maana tumbo lilimwita mapema. Akaleta gunia.

Kindi akachora. Ti, ti, ti.

"Ongeza masikio," akasema Ngiri, akaleta gunia.

Ti, ti, ti.

"Ongeza tumbo," akasema Ngiri, akaleta magunia manne.

Siku ya saba ghala likabaki na buibui. Kobe akapiga kengele, ngooo.

"Mtoaji afumbe macho, atoe."

"Nawapa wote," akasema Ngiri kwa sauti nene. "Nimetoa."

Shwa, shwa, shwa. Ngiri akafumbua macho. Ufagio wa Kobe ulikuwa umeshakula nusu ya tumbo.

"Mnafanya nini?"

"Picha hii haikamiliki mpaka ifutwe na kugawiwa," akasema Kobe. "Ndiyo desturi yetu."

Ngiri alikuwa na meno ya kuwapasua wote. Lakini wanyama walikuwa wamemwinamia, wanamshukuru kwa jina, na hakuna aliyewahi kumwinamia. Akaona haya kumng'ata mtu anayemsifu. Akakaa, akatazama mgongo wake ukienda kwa Digidigi.

Kindi alipata pua yote na sikio la kushoto. Akapika uji. Yule mdogo akanywa, akalia kwa nguvu akitaka mwingine, na Kindi akacheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka.

Hadithi yangu naifagia hapa. Tamu yake gawaneni, vumbi lake niachieni.

Na funzo? Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Kwa hiyo, wanangu, toeni kwa moyo tu, na maghala ya watu myaache.