Bi Kaa na Mpaka wa Mikoko

Wewe uliyekunja pua hapo kwenye mkeka, ikunjue. Una miaka saba tu duniani, na tayari umeshajua kwamba kaa hawezi kuwa mwalimu? Umefika topeni ukamuuliza? Basi funga mdomo, fungua masikio.

Hapo kale, kale hasa, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombea viwanja kama baba zenu, Bi Kaa alikuwa na shule kwenye tope la pwani. Wanafunzi wake walikuwa vikaa thelathini, kila mmoja na shimo lake. Mbele ya mashimo palikuwa na msitu wa mikoko. Nasema palikuwa, maana Tembo na Nyati waliukata boriti baada ya boriti, ikabaki safu moja tu. Safu hiyo ndiyo iliyovunja mawimbi. Ingeanguka, bamvua ya kwanza, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, ingewafukia watoto mashimoni.

Asubuhi moja Tembo akaja na shoka. Bi Kaa alikuwa anafundisha, na hakuwa na ubao. Kila mtoto alishika mbegu ya mkoko, ndefu na ya kijani kama bamia, akaisukuma topeni kwa magando yake: ncha kali chini, kichipukizi juu. Tembo akawaambia watawanyike, anataka boriti za nyumba ya mke wa pili.

Moyo wa Bi Kaa ukaenda ndu ndu ndu. Uso haukusema kitu.

"Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba. Nipishe."

"Nakupisha. Nilidhani umekuja kuweka mpaka kabla ya Nyati, kumbe umefuata boriti tu."

Sasa sikilizeni. Desturi ya wanyama wale ilikuwa hivi: mpaka wa kiwanja ni mti, na anayekata mti wa mpaka amepoteza kiwanja chake chote. Tembo akashusha shoka taratibu. Akasema kwamba safu ile ni mpaka wake tangu leo, na Nyati akiigusa watajuana.

Bi Kaa akaenda upande upande, chaka chaka chaka, mpaka kwa Nyati. Akamwambia yale yale, ila jina akaweka la Tembo. Nyati alifika pwani anatoa povu.

Wakabishana mpaka jua likawa utosini. Mwisho wakamtaka Bi Kaa awaamue. Akasema safu ni mpaka wa wote wawili, nusu ya kushoto ya Tembo, nusu ya kulia ya Nyati, na anayetaka kiwanja kipana apande mikoko mbele zaidi, kuelekea baharini, maana mpaka husogea na mti. Mbegu hizo hapo, chini ya miti.

Walipanda, wallahi. Wakubwa wazima, matope mpaka magotini, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Tembo akamaliza mistari mitatu, akajipangusa jasho.

Kikaa kimoja, Mwatime, kikamsogelea. "Babu, umezipanda kichwa chini."

"Mimi nimeng'oa miti kabla mama yako hajazaliwa."

"Kung'oa ndiyo, babu. Mimi nasema kupanda."

Tembo akang'oa mbegu moja, akakinyooshea kile kidudu kwa mkonga. Mwatime akamwonyesha, mbegu moja baada ya nyingine, na mistari mitatu ikapandwa upya.

Siku ya nne, alasiri, bamvua ikaja. Pwaa! Vikaa wakaziba milango yao kwa tope kama walivyofundishwa. Wimbi likaipiga ile safu, likakatika, likapita mizizini chururu chururu, limekwisha nguvu.

Maji yalipopwa, Bi Kaa akagonga mlango kwa mlango. Ishirini na tisa wakaitika. Wa Mwatime kimya. Akagonga tena, kwa magando yote mawili.

"Nimelala, mwalimu," sauti ikatoka ndani.

Bi Kaa akakaa chini, pu, palepale topeni. Akacheka mpaka akatoa mapovu.

Nyati na Tembo wakateremka kutoka mlimani walikokimbilia maji, Nyati amenuna. "Wewe Kaa, kiwanja changu kilikuwa chini ya maji. Nitajenga wapi mimi?"

"Hilo sikuulizwa, bwana mkubwa. Mpaka wako lakini umesimama vizuri."

Nyati akamtazama Tembo, Tembo akatazama pembeni. Kukata, kiwanja kinakwenda kwa mwenzake. Kusema wamechezewa na kaa, nani aseme? Wakarudi zao, na mikoko ikaota mpaka wale wawili wakazeeka.

Mwenye nguvu hukata, mwenye akili humfanya apande.

Ndoo ya mbegu iko hapo nje, na kesho maji yanapwa mapema. Atakayezipanda kichwa chini nitamwita Tembo mbele ya darasa lote. Mimi natoka. Na mlango huu naufunga, msinifuate kuniuliza kama ni kweli.