Jani la Mtambuu Lisilo na Mshipa

Alitawala katika mji wa Zumbari sultani aitwaye Jabiri bin Nuhu, aliyependa vitambaa kuliko farasi, na mjini humo alikaa binti mchora nguo, Mwanakheri, aliyelala kifudifudi bustanini akisoma mishipa ya majani na nyuzi za buibui, hata majirani wakasema, "Huyu kapagawa!" Naye akawajibu, "Basi pepo wangu ana macho!"

Na kweli alikuwa naye. Ndani ya mtungi wake wa nili aliishi jini Kashkashi, aliyefungwa humo amtumikie, na rangi alizomchanganyia zilikuwa na uhai. "Bibi yangu," alimwonya, "kila mmea unaouchora, acha mshipa mmoja. Ukiutimiza, utaamka."

Mwanakheri akachora mtambuu ukatambaa juu ya hariri nzima, na Burhani, mkuu wa wachoraji wa kasri, akauchukua pamoja na kikombe cha rangi, eti aupeleke kwa Sultani kwa niaba yake. Kwa niaba yake! Kesho yake mji wote ukasikia kwamba kazi ile ni ya Burhani.

Mwanakheri hakulia. Alijifunga kibwebwe akaingia barazani bila kuitwa.

"Maulana, hariri ile ni yangu!"

Burhani akacheka. "Mikono hii, Maulana, ni ya kukuna nazi."

"Nazi nakuna, Sheikh, na kuchora nakushinda. Wewe mtambuu unaujua ukiutafuna tu!"

Baraza likaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni mwana wa Sultani, Idarusi. Sultani akainua mkono. "Mmoja wenu ni mwongo, na mwongo atahama mji huu. Semeni: mbona jani hili lina pengo?"

"Nilipitiwa, Maulana," akajibu Burhani. "Nalitengeneza sasa hivi."

"Usiliguse!" Mwanakheri akapaza sauti. "Nililiacha makusudi! Ukilijaza, mmea utaamka!"

"Vitisho vya watoto," akasema Burhani, akachovya brashi katika kile kikombe cha rangi alichokichukua kwa Mwanakheri, akavuta mshipa.

Lo! Hariri ikavuta pumzi! Majani yakachomoza mabichi, na vikonyo vikaruka, na vikamzinga Burhani kutoka kifundo cha mguu hadi kilemba, na mawaziri wakapanda juu ya viti, na Sultani akapiga makofi kama mtoto siku ya Idi.

"Mfungue, binti!"

"Ataje kwanza mwenye kazi, Maulana. Wasikie hadi sokoni."

"Ni ya Mwanakheri!" Burhani akalia, jani limemziba pua.

Mwanakheri akakwangua mshipa kwa ukucha, na mmea ukalala tena, na Burhani akafukuzwa mjini siku ile ile.

Idarusi akasogea, akaomba kumposa.

"Nitakubali," akasema Mwanakheri, "ila jina langu litakaa kwenye pindo la kila nguo nichorayo, na kila mwanamke mchoraji wa Zumbari vivyo hivyo."

"Na langu je, kama mumeo?"

"Umechora nini?"

"Sijachora kitu."

"Basi haliandikwi."

Idarusi akacheka, akakubali, na wakaoana kwa ngoma za wiki nzima, na Sultani akaijaza dhahabu karakana ya Mwanakheri. Nanyi mnaopokea sifa kwa niaba ya wengine, fundisho ni lenu: rudisheni kazi za watu mkiwa bado mnapumua vizuri.