Spika Iliyomeza Herufi

Sogeeni mnisikize, na aliyeshika jiwe aliweke chini kwanza, maana hadithi hii ina mawe ya kutosha. Ina damu pia. Mji wenyewe siutaji. Uko chini ya milima ya Taita, una soko kila Jumatano, na waliopiga watu siku ile wangali wanauza vitunguu pale pale. Wanakupimia vizuri na kukuongezea kimoja juu.

Palikuwa na vijana watatu waliomaliza kidato cha nne mwaka mmoja, shule moja. Wa kwanza alikuwa msichana, Mkawasi, na yeye alijaliwa masikio. Mama yake akifunika sufuria jikoni, Mkawasi aliye uani alijua kama kifuniko kimekaa sawa au kimekaa upande. Wenzake walimwita Masikio, naye aliitika.

Wa pili alikuwa Mwadime, aliyejaliwa mikono. Ukimpa redio iliyokufa asubuhi, jioni inakusomea taarifa ya habari.

Wa tatu alikuwa Nyange, aliyejaliwa kinywa. Huyo angemuuzia mwenye upara kitana, na kesho yake mwenye upara angerudi kununua kingine.

Watatu hao walikuwa na kibanda katikati ya soko, chenye amplifaya moja ya kukuza sauti, maiki moja, na spika kubwa juu ya mlingoti. Walitangaza bei za wachuuzi, walitangaza watoto waliopotea. Na wote watatu walitaka kitu kimoja: kusomea uhandisi wa sauti. Nyumbani hawakueleweka. Mama yake Mkawasi alikuwa amekwisha kumletea fomu ya chuo cha ualimu.

"Mwanangu, kusikia nako kunasomewa?" alimuuliza. "Si kila mtu ana masikio mawili? Jaza fomu hii, mwezi usiishe."

Mkawasi hakuijaza, wala hakuikataa. Aliiweka chini ya godoro, akawa analala juu ya shauri lake.

Basi Jumanne moja spika ilipasuka karatasi ya ndani. Mwadime akashinda nayo kutwa, akaiziba kwa gundi na vipande vya bahasha ya kaki. Jumatano asubuhi wakaijaribu. Nyange akaita, "Ndizi! Nguo! Wananchi, hamjambo!" Spika ikasema dizi, ikasema guo, ikasema wanachi. Kila n iliyoegemea konsonanti nyingine ilimezwa.

Nyange hakusikia, alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Mwadime hakusikia, alikuwa anafurahi kwamba imelia. Mkawasi alisikia.

"Vipi, Masikio?" Mwadime akamuuliza. Gundi ilikuwa imemgandia vidoleni na macho yalikuwa mekundu kwa kazi.

Mkawasi akamwonea huruma. Akajiambia, nani atakufa kwa kukosa herufi moja?

"Iko sawa," akasema.

Saa nne hivi akaja mama mmoja wa makamo na mkungu wa ndizi, mgeni wa kutoka Nairobi, jina lake Bi Kalekye. Alikuwa safarini na mdogo wake wa kiume. Mdogo huyo alikwenda kutazama makoti ya mitumba, na simu akaiacha garini.

"Nitangazieni ndugu yangu," akasema. "Anaitwa Mwinzi. Ana shati jekundu na kofia ya buluu. Tumechelewa."

Mwinzi, kama mjuavyo, ni jina la Wakamba, na Ukambani wako akina Mwinzi wengi wa heshima zao. Na desturi ya soko lile ni hii: mtu akipotea haitwi yeye, wanaambiwa watu, ili aliye karibu naye amguse bega. Nyange akashika maiki, akavuta pumzi.

"Anatafutwa Mwinzi! Anatafutwa Mwinzi! Shati jekundu, kofia ya buluu, yuko upande wa mitumba!"

Lakini soko lilisikia hivi: Anatafutwa mwizi.

Na yule bwana, maskini, alipojitambua kwa shati na kofia, alifanya nini? Alitupa koti alilokuwa akilijaribu, akatimua mbio kumwahi dada yake. Sasa niambieni, mtu akitangazwa mwizi kisha akakimbia, nani atabaki na shaka?

Wa kwanza kumpiga alikuwa fundi viatu, kwa nyundo yake ndogo, begani. Mfupa ulilia. Mwinzi akageuka kuuliza kuna nini, akapigwa ubao wa kupangia nyanya usoni, meno ya mbele yakamwagika. Akaanguka. Hapo likaja soko lote. Waliokuja na mawe walirusha mawe, waliokuja mikono mitupu walitumia viatu. Mama mmoja, ambaye nyumbani kwake hachinji hata kuku, alimkanyaga vidole kimoja kimoja huku akihesabu vitu vyote alivyowahi kuibiwa. Jicho la kushoto likafumba, halijafumbuka tena hadi leo.

"Mimi Mwinzi!" akalia. "Mimi Mwinzi!"

Lakini kinywa kilichojaa damu nacho hakijui n.

"Mmemsikia?" mmoja akapaza sauti. "Mwenyewe amekubali! Leteni tairi!"

Tairi likaja, likavishwa shingoni. Kijana wa bodaboda akachomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki yake, akajaza chupa ya soda.

Mkawasi alikuwa kibandani. Kelele za watu kumpiga mtu alikuwa amezisikia mara mbili maishani mwake, na mara zote mbili alikimbilia nyumbani. Safari hii, ndani ya kelele zile, alisikia sauti moja nyembamba ikijitaja jina, na katikati ya jina alisikia n, ndogo, imefichwa na damu. Akamgeukia Nyange.

"Nyange! Hawampigi mwizi, wanampiga Mwinzi! Spika imemeza n!"

Bi Kalekye akaangusha ndizi, akajitosa kwenye umati akiita jina la ndugu yake. Akapigwa kiwiko cha uso, akaangukia matope. Maana mama anayelia "Mwinzi! Mwinzi!" mbele ya watu wenye hasira, watu wanadhani anawasaidia kuchochea.

Nyange akarukia maiki. "Acheni! Si mwizi, ni Mwinzi!"

Na spika ikalitangazia soko zima: "Acheni! Si mwizi, ni mwizi!"

Watu wakacheka. Naam, wakacheka, na mawe yakazidi. Halafu spika ikanyamaza kabisa, kwa sababu miguu ya watu ilikuwa imekata waya wa umeme.

Sikilizeni sasa walivyofanya, mmoja baada ya mwingine.

Mwadime alikimbilia kwa mhubiri aliyekuwa akihubiri kando ya soko, akaing'oa tarumbeta yake ya chuma, ile spika ya mdomo mpana, bila kuomba. Akaiunganisha na amplifaya. Ukabaki waya wa umeme uliokatika. Hakuwa na koleo karibu, wala muda wa kutafuta. Akavua shati, akalizungusha mkononi, akazibana ncha mbili za waya pamoja kwa vidole. Cheche zikaruka, shati likashika moto. Mtu mwingine angeachia. Mwadime alijua akiachia sauti inakufa, na sauti ikifa mtu anakufa, kwa hiyo aliendelea kubana huku akipiga kelele, na harufu ya nyama ikasikika. Vidole viwili vya mkono wa kulia aliviacha hospitalini.

Mkawasi alikimbilia vitufe vya amplifaya, kwani tarumbeta ngeni ikipewa sauti ovyo hulia tu kama mbuzi. Mwanamume mmoja akamrukia. "Unatetea wezi, wewe?" Akamtandika kofi la sikio, kofi zito, la kiganja wazi. Kitu kikapasuka ndani na damu ya moto ikateremka shingoni. Upande wa kushoto dunia ikanyamaza. Mkawasi akakigeuza kichwa chake, akatega sikio lililobaki.

"Nyange, sema ndizi!"

"Nini?"

"Sema ndizi, nakwambia!"

"Dizi!" ikasema tarumbeta. Mkawasi akazungusha kitufe. "Tena!"

"Nndizi!"

"Tena!"

"NDIZI!" Soko zima likasikia, mtu akiwa amevalishwa tairi, na petroli inamtiririka kifuani.

"Hapo! Nenda!"

Nyange alikwenda, akiburuta waya mrefu wa maiki. Aliingia katikati ya mawe, akajilaza juu ya Mwinzi, juu ya petroli. Jiwe likampiga mdomoni likampasua mdomo na kung'oa meno mawili. Hakusema acheni, wala hakuomba huruma. Alikuwa amewatangazia bidhaa wale watu mwaka mzima, na aliwajua mmoja mmoja. Akaanza kuwaita.

"Mama Wawuda wa vitunguu, umeshika jiwe la nini? Mzee Mwashighadi, hiyo ni nyundo ya viatu. Baba Mghoi, mwanao yuko nyuma yako, anakutazama. Na wewe wa pikipiki, Kirigha, mwana wa mwalimu, kiberiti hicho ni cha nani?"

Mtu akiwa katika umati hana jina, ndiyo maana anathubutu. Kila aliyetajwa mkono ulishuka. Nyange akachomoa kitambulisho mfukoni mwa Mwinzi, akakisoma herufi kwa herufi, na tarumbeta haikumeza hata moja.

"M! W! I! N! Z! I! Ni jina lake. Mmempiga mtu kwa jina lake."

Njiti ya kiberiti ikazimwa. Kila mmoja akakumbuka ghafla kwamba ameacha biashara bila mtu wa kuiangalia. Ndani ya dakika tano walibaki watu watano tu pale, na wote watano walikuwa wanavuja damu au wameungua.

Mwinzi alipona, kwa jicho moja. Baada ya miezi mitatu Bi Kalekye akarudi, akawakuta vijana kibandani. Kumbe ni mwalimu wa uhandisi wa sauti, ana chuo chake kidogo Nairobi, na kila mwaka humchukua mwanafunzi mmoja bure, miaka miwili, malazi na chakula.

"Ndugu yangu asingekuwa hai," akasema. "Nimeleta nafasi ya mwaka huu. Ni moja tu, na ningekuwa na tatu ningewapa tatu. Nani nimchukue?"

Mwadime akauinua mkono wake. "Madam, mimi sitashika tena waya mwembamba. Vidole vilivyobaki ni vizito. Nikisoma nitaweza kuongoza mikono ya wengine. Nisiposoma, nimekwisha."

Nyange akasema, na sasa maneno yalimtoka na upepo katikati, "Nami kinywa changu kimeharibika, husikii? Nikae nyuma ya mashine basi, mbele ya maiki pamekwisha."

Ikafika zamu ya Mkawasi. Asubuhi ile mama yake alikuwa ameitoa fomu ya ualimu chini ya godoro, akakaa nayo kitandani akilia. "Nilikwambia kila mtu ana masikio mawili," alisema. "Sasa hata mawili huna. Mwanangu, fanya upendavyo." Na Mkawasi alipenda sauti kuliko siku zote, hata alijionea haya kwa kuipenda kiasi hicho.

"Mimi nilisikia," akasema mwishowe.

"Ulisikia nini?" Mwadime akamuuliza.

"Asubuhi, kabla ya yote. Nilisikia spika inameza n. Nikakwambia iko sawa, kwa sababu ulikuwa umechoka."

Mwadime aliutazama mkono wake. Kisha akatoka nje, akarudi, akatoka tena.

"Kwa hiyo angeweza kuchomwa," Nyange akasema taratibu, "na wewe ulijua."

"Nilijua."

Wakamtazama Bi Kalekye, wakidhani ataamua hapo hapo. Yeye aliinamisha kichwa.

"Nafundisha sauti mwaka wa kumi na nane," akasema. "Nilisikia spika yenu kabla sijashuka garini. Nilicheka. Halafu nikaja nikawapa jina la ndugu yangu mlitangaze. Mimi siwezi kumhukumu mtu hapa. Amueni wenyewe, mniambie Ijumaa."

Akaacha fomu mezani, akaenda zake.

Soko likagawanyika, lile lile lililopiga. Wapo wasemao apewe Mwadime, kwa sababu aliungua akijua anaungua. Wengine husema apewe Nyange, kwani masikio na waya vyote vingekuwa bure kama hakulala juu ya petroli. Kuhusu Mkawasi wanagombana hadi leo. Mmoja atakwambia aliyenyamaza asubuhi ndiye aliyeanza kupiga, ajaze fomu yake ya ualimu akawaombe watoto msamaha. Mwenzake atamjibu kwamba fundi wa sauti mwenye kuaminika ni yule tu anayejua herufi moja inaweza kuua, na katika watatu wale anayejua ni mmoja.

Nami nimewapimia kama nilivyopimiwa, sikuongeza wala sikupunguza. Leo ni Alhamisi. Watatu wameizunguka meza, hakuna anayemtazama mwenzake, na fomu ina mstari mmoja tu wa jina. Kalamu nakupa wewe uliyenisikiliza. Ungemwandika nani?